Aqua, Masta

Masta, sogea hapa kivulini. Shika hii chupa. Usisome mbele. Mbele ni ya washamba, kuna picha ya dada nywele zake zinapepea kama pazia la hoteli. Geuza. Huko nyuma, kwenye herufi ndogo kama mayai ya chawa, neno la kwanza linasema nini?

Aqua.

Aqua ni maji. Kilatini cha mapadri wa zamani, ila ni maji tu. Chupa hii binamu yangu ameitolea dola 15 pale soko la Mulongwe. Imezaliwa Ulaya, imevuka bahari, imebadilisha mikono mpaka imechoka, ndiyo ikafika kwetu. Safari yote hiyo, na mzigo mkubwa ndani yake ni maji.

Na wewe unaishi wapi? Uvira! Nyuma yako milima, mbele yako Tanganyika. Ziwa refu kilomita 670 hivi, kina chake mita 1,470, dunia nzima linazidiwa kina na Baikal peke yake. Ukiacha barafu, karibu moja ya sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa dunia yamelala pale chini ya mtaa wa Kimanga. Halafu mtoto wa Kimanga anatoa dola 15 kununua maji. Noma, masta. Noma kabisa.

Skia vizuri lakini. Mimi sina vita na kupendeza. Nywele kwangu ni heshima. Huku kwetu umeme unaweza kukatika siku tatu, bando likaisha, viatu vikapasuka soli, ila kichwa lazima kiwe fresh. Mtu mmoja akitokea base na nywele zinanuka jasho la juzi, ameshachoma mbogi nzima. Marembo wanavuka upande wa pili wa barabara. Kwa hiyo sikuambii uache shampuu. Nakuambia dola yako uipeleke wapi, kwa sababu naona vijana wanaitupa ziwani kila Jumamosi, na inaniuma.

Na usiende kuuliza wazee. Mimi nimeuliza, nimerudi kichwa kinauma. Tonton anasema shampuu inalegeza ubongo. Tonton huyu amekulia Zaire ya Mobutu, tai ikiwa marufuku, wanaume wamefungiwa ndani ya abacost, na jina lenyewe ni Kifaransa kilichobanwa, "à bas le costume", suti ife. Picha yake iko ukutani mpaka leo: kola imepanda hadi masikioni, nywele pembe nne kama kreti ya bia. Huyo ndiye anataka kunifundisha stailo! Koko naye anasema ukiosha nywele jioni, baridi inaingia kwenye meno. Baridi. Uvira. Mji ambao usiku unalala na feni na bado shuka linaloa. Mzee wa nyumba ya pili ndiye alinimaliza: sabuni ya kufulia imemtosha miaka 60. Masta, yule mzee ana upara. Upara hauoshwi, unapanguswa na kitambaa kama kioo cha gari.

Tuache hao.

Sasa kuna wenzetu wanasema, sisi ni Wakongo, sisi ni watu wa sape, bei ndiyo raha yenyewe. Hapo nawaelewa. Papa Wemba, Mungu amrehemu, aliondoka 2016 jukwaani Abidjan, na alituachia funzo kwamba mtu anaweza kula bugali kavu wiki mbili ili avae kiatu cha Weston siku moja. Ila fikiria. Sapeur analipa lebo kwa sababu lebo inaonekana. Anatembea kama anakanyaga mayai, anakunja suruali soksi ionekane, anafungua koti usome jina la ndani. Mtaa mzima unashuhudia. Shampuu je? Inakaa kichwani dakika mbili. Inashuka shingoni, inaingia kwenye mfereji, inakwenda kuogesha ndagala. Hakuna mtu aliyewahi kukusimamisha njiani akasema, onyesha lebo ya kile ulichosuuza jana. Ukitaka kuvimba, vimba na kiatu.

Hiyo ni akili. Ila mimi na binamu tukasema akili haitoshi, tupime.

Tukaenda kwa yaya anayetutengeneza nywele. Saloni yake zamani ilikuwa chini, karibu na maji. 2024 ziwa lilipopanda likaingia mpaka kwenye viti, akabeba kioo chake, kaski yake na beseni zake, akapanda juu kidogo. Mtu ambaye ziwa limemfukuza kazini na bado anafungua saa moja asubuhi, huyo mikono yake unaiamini.

Binamu ana nywele zake za asili, nyingi, ngumu, zile zinavunja chanuo. Yaya akachora raya katikati, kutoka paji la uso mpaka kisogo, kama mpaka wa Kavimvira. Upande wa kulia, dola 15. Upande wa kushoto, ile shampuu ya kawaida, chupa kubwa, dola 2, lebo imebandikwa mshazari. Maji ni bidoni ileile, mikono ni ya yaya yuleyule, taulo ni moja. Povu likaja kulia, likaja kushoto. La kushoto lilikuja mapema zaidi, kusema kweli.

Zikakauka. Tukaita majaji watatu kutoka base, tukawafunga macho na skafu ya binamu. Wa kwanza akagusa, akasema kushoto ndiyo ya pesa nyingi. Wa pili akasema mnanichezea, hiki ni kichwa kimoja. Wa tatu, huyu mjanja, akainama akanusa. "Kulia! Kulia iko ya Paris!"

Umeona? Pua. Mkono haukujua, pua ilijua. Dola 13 zote za tofauti zilikuwa ndani ya pua.

Binamu akanuna. Yaya akacheka mpaka akashika ukuta. Akachukua kondishna ya bei ndogo, ile inauzwa kwenye kopo pana, akaipaka upande wa kushoto peke yake. Akaacha dakika tano, akasuuza. Akaingiza chanuo. Masta, lile chanuo lilipita kushoto kama mtumbwi asubuhi, ziwa limelala. Kulia likakwama kwenye sentimita ya pili, binamu akapiga kelele, na motari aliyekuwa nje akaingia kuuliza kama kuna mtu anapigwa.

Hapo ndipo nilianza kusoma hizi lebo kwa makini.

Baada ya Aqua, neno la pili kwenye chupa nyingi ni sodium laureth sulfate. Iko kwenye ya dola 2. Iko kwenye nyingi za dola 15. Hiyo ndiyo kazi yote: upande mmoja inashika mafuta, upande mwingine inashika maji, ukisuuza inaondoka na uchafu. Kisha utakuta cocamidopropyl betaine, inapunguza ukali na kuongeza povu. Kisha sodium chloride. Unajua sodium chloride ni nini? Chumvi. Chumvi ya kwenye ndagala. Inatiwa ili kitu kiwe kizito, kiteremke polepole mkononi, wewe uone kama asali. Kisha parfum. Halafu, huko chini kabisa, baada ya parfum, ndipo wanakaa wageni wa heshima waliochorwa mbele: argan, keratin, lulu, sijui kaviari.

Na sheria ya Ulaya ndiyo inawaumbua. Vitu vinaandikwa kwa kufuata wingi, kikubwa kwanza. Vikishuka chini ya asilimia 1, ruhusa kuvipanga unavyotaka. Argan ukiiona inatembea nyuma ya parfum, ujue ni matone. Umelipia picha ya mti.

Sasa kaa vizuri, hapa ndipo nilisimama mimi mwenyewe. Ile sodium laureth sulfate inatengenezwa na nini? Kwa sehemu kubwa, mafuta ya nazi au mafuta ya mise. Mise, masta! Zile kokwa za ndani ya mbegu ya mchikichi, ambazo koko anazipasua na jiwe uani, anazikaanga, anakamua mafuta meusi yenye harufu ya moshi. Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi moja inayoitwa lauriki, na hiyo ndiyo viwanda vinaitafuta ili kupata povu. Kuanzia hapa mpaka Baraka na Fizi, michikichi imesimama kila upande. Tunakanyaga mise njiani.

Na si jambo la leo. 1911 Mwingereza William Lever, tajiri wa sabuni, alipewa na Wabelgiji maeneo makubwa ya michikichi huku Kongo. Mji wake ukaitwa Leverville, leo ni Lusanga, mkoa wa Kwilu. Watu walilazimishwa kupanda michikichi ile mirefu kukata vikonyo, ili Uingereza ioge. Kampuni yake ikaungana na nyingine 1929, zikawa Unilever, na Unilever ilibaki na mashamba Kongo mpaka 2009. Leo wenyewe ndio wanauza Dove, Sunsilk, TRESemmé, na tangu 2017 hata SheaMoisture, ile ambayo binamu anaililia kwenye status. Babu amekata vikonyo kwa nguvu, mjukuu ananunua povu kwa dola. Mimi hilo sichekei.

Koko aliposikia habari ya mise akavimba. "Niliwaambia! Mafuta ya mise yanalisha nywele." Hapana, koko. Nywele hailishwi. Nywele iliyoshatoka kwenye ngozi imekufa zamani, hai ni mzizi peke yake, na mzizi unakula kupitia mdomo wako, ndagala na maharage. Mafuta yanafunika tu, yanazuia unyevu usikimbie. Na yale meusi ya koko, ukipaka ukatoka saa saba mchana, yanashuka kwenye kola, unanuka kama jiko la kuni. Nimemwona kijana mmoja Kasenga amepakwa na bibi yake siku ya harusi, shati jeupe. Soo kubwa. Kwenye picha kola ina ramani.

Halafu jambo lingine ambalo lebo haitakuambia. Kampuni inayotengeneza Kérastase, zile za saloni za matajiri, ni L'Oréal. Garnier ni L'Oréal. Elsève ni L'Oréal. Dark and Lovely, iliyojaa kwenye kila kioski cha vipodozi Mulongwe, ni L'Oréal. Baba mmoja, watoto wengi, mmoja amevaa suti, mwingine kandambili. Sisemi ndani ni kitu kimoja. Nasema elimu ya nyumba ile ni moja, na wa kandambili naye anajua kuosha.

Kwa hiyo bei inatoka wapi? Chupa. Harufu. Dada wa pazia la hoteli. Na njia. Kinachokuja kutoka Dar kinapita Kigoma, kinapanda boti mpaka Kalundu. Kinachotoka Kampala, kama Movit, kinazunguka mpaka Buja, Gatumba, Kavimvira. Kila mkono unaongeza franga zake. Mpaka ukifungwa siku mbili, mama wa sokoni anapandisha kabla hujamaliza kusalimia. Hizo pesa hazigusi nywele hata moja.

Lakini usije ukanigeukia ukasema, basi turudi kwenye sabuni ya kipande. Weee! Hapo ndipo wazee wanacheka na mimi nakataa.

Kuna mshikaji wetu, jina lake nalihifadhi maana bado anatongoza. Jumapili asubuhi bomba limekauka, ana sherehe saa nane. Akashuka ziwani na sabuni ya kufulia, akajisugua kichwa mpaka povu, akapiga mbizi, akatoka. Akakauka. Kichwa kikawa cheupe. Si mvi, masta, ni jivu. Kama ametolewa chini ya kiwanda cha unga. Akachana, ikazidi. Akapaka mafuta, ikawa uji. Kwenye sherehe msichana mmoja akamuuliza kwa upole kama anapaka chokaa.

Sababu iko ndani ya ziwa lenyewe. Mto Ruzizi unatoka Kivu, Kivu imekaa miguuni pa volkano, na maji yake yanateremka na madini, hasa magnesiamu, mpaka kwetu. Maji ya Tanganyika yana pH karibu 9. Sabuni ya kipande ikikutana na magnesiamu na kalsiamu, zinagandana, zinazaa utando mweupe usiosuuzika. Sabuni yenyewe nayo ina pH ya 9 au 10. Nywele inataka kitu chenye uchachu kidogo. Fikiria magamba ya mukeke. Ukimpapasa kutoka kichwani kwenda mkiani, laini. Ukirudi nyuma, anakukwaruza. Unywele nao una magamba hivyohivyo, madogo sana, yote yanaangalia ncha. Uchachu unayalaza. Sabuni inayasimamisha, moja linakamata la jirani, ndiyo unasikia kra, kra, chanuo linabaki na nusu ya kichwa.

Shampuu, hata ya dola 2, haigandani na madini namna hiyo. Hapo ndipo imetuacha mbali na sabuni. Kutoka sabuni kwenda shampuu ya dola 2 ni kuruka mto. Kutoka dola 2 kwenda dola 15 ni kubadilisha harufu.

Na kama umeweka pipa chini ya bati, maji ya mvua ndiyo mfalme. Hayana magnesiamu, hayana kelele. Suuza nayo mara ya mwisho, utaona.

Sasa kondishna, kipenzi changu. Hapa vijana wa kitaa wanachoma sana, hasa wanaume. Kwenye chupa za Kifaransa imeandikwa "après-shampooing". Mtu anaona neno shampooing, macho yanaishia hapo. Ananunua, anakwenda nyumbani, anasugua. Povu hakuna. Anaongeza. Hakuna. Anamaliza nusu chupa, kichwa kinateleza kama kambale, anarudi sokoni anamfokea mama: "Umeniuzia feki!" Mama anamtazama. Soko lote linamtazama. Masta, après! Après ni baada! Shampuu kwanza, halafu hii. Nimeshuhudia hiyo kesi mara mbili, na mara ya pili alikuwa mwanafunzi wa chuo.

Kondishna haioshi, kazi yake ni kulaza magamba. Unywele, hasa uliochoka na jua na kaski, una chaji hasi. Ndani ya kondishna kuna vitu vyenye chaji chanya, utaviona vimeandikwa behentrimonium au cetrimonium, vinakwenda kujishikiza wenyewe pale palipoumia. Pamoja navyo kuna cetearyl alcohol. Usiogope neno alcohol, hiyo ni ya mafuta mazito, hailevyi wala haikaushi. Chupa ya dola 3 ikiwa na hivyo viwili karibu na juu, mara baada ya Aqua, beba. Ya dola 18 ina hivyohivyo viwili, karibu na juu, mara baada ya Aqua. Nimekaa nimezilinganisha mbele ya mama wa duka mpaka akaniuliza kama natoka kwenye kodi.

Na nywele zetu ndizo zinaihitaji kuliko za dada wa pazia. Zake zimenyooka, mafuta ya kichwani yanateremka yenyewe mpaka ncha. Zetu zimejikunja kama barabara ya Kamanyola kwenda Bukavu, mafuta yanachoka kwenye kona ya tatu. Juu kuna mafuta, chini ukame. Ndiyo maana hatuoshi kila siku. Mara moja kwa wiki, au mara moja kwa wiki mbili, ndivyo hata madaktari wa ngozi wa Marekani wanavyowashauri watu weusi. Hapo tayari umeokoa chupa. Lakini ukiosha, kondishna usibane. Jaza kiganja, paka kuanzia katikati kwenda ncha, chana ikiwa bado kichwani. Chanua kutoka ncha kupanda juu. Ukianzia juu unafunga fundo, halafu unalaumu Mungu.

Wewe mwenye degrade, pembeni sifuri na juu sentimita moja, kondishna ya nini? Nywele zako wiki ijayo ziko sakafuni kwa kinyozi. Nunua soda.

Kabla hujatoa pesa, angalia mdomo wa chupa. Zile za jina kubwa zinajazwa upya. Sitaji saloni, ila nimekaa kwenye kiti nikaona kwa kioo: bidoni ya lita tano chini ya meza, faneli, na chupa nzuri ya kizungu inanyweshwa kama mtoto. Halafu akaongeza maji kidogo ili ifike. Aqua juu ya Aqua! Na hilo si la kuchekea tu. Kinachozuia vijidudu ndani ya shampuu kimepimwa kwa ujazo ule. Ukiongeza maji kwenye chupa, umekipunguza nguvu, na kwa joto letu wiki mbili ni nyingi. Ukitaka kuipunguza makali, ifanye kiganjani, hapohapo, usiifanye kwenye chupa. Mama wa Mulongwe alimwambia binamu, "Chérie, hii iko ya Paris, siyo ya kucheza nayo." Kizibo chake kilikuwa kimeshafunguliwa. Binamu hakuona, alikuwa anamwangalia dada wa pazia.

Kuna mahali nitakuambia toa pesa bila kubana, na ni mahali pawili.

Pa kwanza, ukidefriza. Baadhi ya dawa za kudefriza ni soda kostiki, ileile watengeneza sabuni wanachanganya na mawese. Imewekwa kwenye krimu yenye harufu nzuri, ila ni yenyewe, na inapanda mpaka pH 13. Ndani ya boksi lake kuna shampuu ya kuizima, ina uchachu. Hiyo usiiruke, usibadilishe na sabuni, usiseme utamalizia nyumbani. Yaya amenionyesha kichwa cha mteja aliyekuja kwake amechelewa kusuuzwa mahali pengine: kidonda kikubwa kama sarafu juu ya sikio, na pale hapajaota kitu mpaka leo. Boksi zima lilikuwa rahisi kuliko dawa za kidonda.

Pa pili, mba. Kama unakuna mpaka mabega yana theluji, harufu ya Paris haitakusaidia. Nenda kwenye famasia, ulizia shampuu ya ketoconazole. Chupa ndogo, mbaya, haina dada. Inafanya kazi. Acha dakika tano kichwani ndipo usuuze. Na mdogo wako akiwa na mapunye, yale mabaka ya duara nywele zinakatika, usimzungushe na shampuu yoyote. Yanataka vidonge, mpeleke kituo cha afya. Koko atasema asuguliwe na majivu. Mwache aseme.

Binamu amekubali, ila kwa shingo upande. Sasa anaosha na ya dola 2, anapaka kondishna ya kopo, na pesa iliyobaki amemlipa yaya amsuke kwa uzi, ile mitindo ya zamani imerudi kwa kishindo, mbogi nzima ya Kalundu wanataka. Kichwa kinawaka, nakuambia.

Chupa ya dola 15 iliisha wiki iliyopita. Hakuitupa. Nimeitoa dirishani, lebo ilikuwa inaangalia barabarani, dada wa pazia anawapungia motari. Mimi nikaifungua, nikanusa. Hakuna harufu. Ameijaza maji ya mvua ya kusuuzia.

Aqua, masta. Safari hii ameipata bure.